Amri Ipo au Haipo? Iulizwe Sheli Yenyewe

Kwenye seva za Linux, kompyuta za Mac na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, kazi nyingi za kila siku hufanywa na skripti, yaani faili la maandishi lenye amri zilizopangwa mstari baada ya mstari, ambalo programu iitwayo sheli hulisoma na kulitekeleza. Hata simu ya Android iliyo mkononi mwako ina sheli ndani yake, ingawa huenda hujawahi kuiona. Skripti yenyewe hufanya kidogo. Kazi nzito huzikabidhi programu nyingine, moja ipakue faili, nyingine ilibane, nyingine itume taarifa kwa barua pepe, na kila moja ya programu hizo inaweza kuwepo kwenye mashine hii ikakosekana kwenye ile. Hapo ndipo linapozuka swali linaloonekana dogo: kabla skripti haijaanza kazi, itajuaje kwamba amri inayoitegemea ipo? Wanaprogramu wana majibu manne au matano ya swali hilo, na mara nyingi hufundishwa kana kwamba yote ni sawa. Hayako sawa. Hoja yangu ni kwamba swali liulizwe sheli yenyewe, kwa amri ya `command -v`, na liulizwe katika mazingira yale yale ambamo kazi itafanyika.

Kwanza tuone hasara ya kutouliza kabisa. Chukua skripti inayohifadhi nakala ya kanzidata ya chama cha akiba na mikopo kila usiku. Mstari mmoja unasema `pg_dump wanachama | zstd > "nakala-$leo.zst"`, na mstari wa chini yake unafuta nakala zote zilizozidi siku saba. Skripti hiyo ikahamishiwa kwenye seva mpya pamoja na nakala zake za zamani, lakini aliyeiandaa seva hakuweka programu ya kubana iitwayo zstd. Sheli, kwa utaratibu wake, hulifungua faili la kupokea matokeo kabla ya kuitafuta amri itakayoliandika. Kwa hiyo faili linaundwa tu. Jina lake ni sahihi, tarehe yake ni sahihi, na ukubwa wake ni baiti sifuri. Zstd haipatikani, sheli inaandika lalamiko ambalo usiku wa manane hakuna wa kulisoma, kisha skripti inaendelea na mstari wa pili kama vile hakuna kilichotokea, kwa sababu sheli haisimami kwenye kosa isipokuwa imeagizwa. Baada ya siku nane au tisa folda imejaa mafaili matupu yenye majina mazuri, na nakala ya mwisho ya kweli imeshafutwa. Mstari mmoja wa kuuliza, ukiwekwa juu kabisa, ungezuia yote hayo.

Sasa tuangalie sheli inavyoitafuta amri, maana jibu la swali letu limo humo. Ukiandika neno `zstd`, sheli haikimbilii diski. Huangalia kwanza kama neno hilo ni lakabu, jina la mkato ulilojiwekea mwenyewe. Kisha kama ni neno la sarufi yake, mfano `if` au `while`. Kisha kama ni fanksheni iliyoandikwa ndani ya skripti, au amri iliyojengwa ndani ya sheli, kama `cd`. Yote hayo yasipopatikana, ndipo hufungua orodha ya folda iliyotunzwa kwenye kigeu kiitwacho PATH, folda zikiwa zimetenganishwa kwa nukta pacha, na kuzipitia moja moja mpaka ikute faili lenye jina hilo na lenye ruhusa ya kutekelezwa. Isipokuta kitu, huacha namba 127. Ikilikuta faili lakini ikashindwa kulitekeleza, huacha 126. Ukishaujua mpangilio huu, unaona mara moja udhaifu wa wale wanaoandika anwani kamili, kwa mfano kuangalia kama `/usr/bin/curl` ipo. Kwenye FreeBSD, curl ikiwekwa hukaa `/usr/local/bin`. Kwenye Termux, programu ambayo vijana wengi hujifunzia Linux ndani ya simu ya Android, hukaa ndani kabisa ya folda ya Termux yenyewe, na `/usr/bin` haipo. Curl inafanya kazi vizuri sehemu zote hizo mbili, na skripti inadai kwamba haipo.

Njia iliyozoeleka kuliko zote ni `which`. Karibu kila anayeanza kujifunza huonyeshwa kwamba akiandika `which python3` ataambiwa mahali programu hiyo ilipo, na kutoka hapo ni hatua fupi kuiweka kwenye skripti. Lakini `which` ina historia inayopaswa kututia wasiwasi. Ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya watumiaji wa C shell, sheli iliyoandikwa na Bill Joy. Nayo yenyewe ilikuwa skripti ya C shell. Ilichofanya ni kusoma faili la mipangilio la mtumiaji wa sheli hiyo, `.cshrc`, kisha kukisia kile ambacho C shell ingefanya. Wakati huo huo ulimwengu mwingine wa Unix ulikuwa umeelekea kwenye sheli ya Stephen Bourne, iliyotoka na Toleo la 7 la Unix mwaka 1979, na skripti nyingi ziliandikwa kwa sheli hiyo. Hivyo skripti ya sheli ya Bourne iliyotumia `which` ilikuwa inaiuliza sheli nyingine kabisa, yenye mipangilio mingine na pengine PATH nyingine, jambo litakalotekelezwa na yenyewe. Ni kama kumuuliza jirani kama mwenye nyumba yupo, na mwenye nyumba mwenyewe amekaa barazani.

Kulikuwa na ubaya mkubwa zaidi. Amri za Unix hutoa jibu la ndiyo au hapana kwa namba zinayoiacha zinapomaliza: sifuri ni mafanikio, namba nyingine yoyote ni kushindwa. Kwenye baadhi ya mifumo ya kibiashara ya Unix, `which` iliacha sifuri hata ilipokosa kitu. Badala ya kunyamaza ilitoa sentensi ya kusema kwamba hakuna amri hiyo katika folda kadha wa kadha, na sentensi hiyo ikatoka kwenye mkondo ule ule wa majibu mazuri. Aliyepima namba alidanganywa, na aliyepima kama kuna maandishi yoyote yaliyotoka naye alidanganywa. Matoleo ya leo kwenye Linux na Mac yamerekebisha hilo, na anayeitetea `which` atasema kwamba hayo ni mambo ya kale. Ningekubali kama tatizo lingeishia hapo. Lakini `which` haimo katika kiwango cha POSIX, kile kinachoeleza mfumo wa ukoo wa Unix unapaswa kuwa na nini, kwa hiyo hakuna anayewajibika kuiweka. Picha za msingi za kontena za Fedora, kwa mfano, zimetolewa bila `which`, na hapo skripti inayouliza kwa `which` hujibiwa kwamba kila kitu hakipo, kwa sababu anayeulizwa mwenyewe ndiye hayupo.

Yaliyotokea Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, mwaka 2021 yanaonyesha hatari ya kujenga juu ya kitu kisicho na kiwango. Debian ina `which` yake, skripti fupi iliyomo kwenye kifurushi kiitwacho debianutils. Mwaka huo mtunzaji wa kifurushi aliiongezea onyo lililojitokeza kila ilipoitwa, likisema kwamba toleo hilo linaachwa na kwamba skripti zitumie `command -v`. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Ila onyo lilitoka kwenye mkondo wa makosa, na zipo taratibu za ujenzi na za majaribio zinazohesabu neno lolote kwenye mkondo huo kuwa ni kushindwa. Kazi za watu waliokuwa hawana habari na mjadala huo zikaanza kugoma. Suala lilifikishwa kwenye kamati ya kiufundi ya Debian, na onyo likaondolewa. Wapo waliosoma kisa hicho kama ushindi wa `which`. Mimi nakisoma kinyume chake: mtunzaji mmoja, kwa badiliko la mstari mmoja alilokuwa na mamlaka nalo, aliweza kuyumbisha skripti nyingi kiasi hicho kwa sababu hapakuwa na maandishi yoyote ya makubaliano yanayosema amri hiyo iseme nini na inyamaze lini.

Makubaliano hayo yapo kwa `command -v`, na hayakuanza jana. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila tawi la Unix lilikuwa na njia yake: sheli ya System V ilikuwa na `type`, sheli ya Korn ilikuwa na `whence`, na wa C shell walikuwa na `which`. Walioandika kiwango cha POSIX kuhusu sheli, kilichotoka mwaka 1992, waliona amri hizo tatu zinahangaikia haja moja kwa namna zisizopatana, wakaikusanya haja hiyo kwenye `command` kwa kuiongezea `-v` na `-V`. Kwa miaka mingi chaguo hizo zilibaki kwenye sehemu ya kiwango ambayo mfumo haukulazimika kuitimiza. Toleo la mwaka 2008 likazihamishia kwenye sehemu ya lazima. Kiwango kinasema jambo ambalo mwandishi wa skripti analihitaji: amri ikipatikana, `command -v` itaandika jina lake au mahali ilipo na kuacha sifuri, isipopatikana, haitaandika chochote na itaacha namba isiyo sifuri. Na kwa kuwa imejengwa ndani ya sheli, inayojibu ndiyo ile ile itakayofanya utafutaji wakati wa kazi, kwa mpangilio ule ule wa fanksheni, amri za ndani na PATH.

Kwa vitendo, mstari wenyewe ni huu:

`command -v zstd >/dev/null 2>&1 || { echo "zstd haipo kwenye mashine hii" >&2; exit 1; }`

Utazame kwa karibu, maana kuna mtego unaowanasa wengi. Kipande cha `>/dev/null 2>&1` kinatupa maandishi ya mikondo yote miwili ili ibaki namba tu. Wanaotumia sheli ya bash wamezoea kukifupisha kuwa `&>/dev/null`, na kwenye bash ufupisho huo hauna tatizo. Lakini Ubuntu tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, na Debian tangu mwaka 2011, `/bin/sh` yao ni dash, sheli ndogo na nyepesi inayofuata kiwango bila nyongeza za bash. Dash ikikuta `command -v zstd &>/dev/null` huigawa mara mbili. Alama ya `&` huielewa kama agizo la kuipeleka `command -v zstd` ikafanyike pembeni bila kusubiriwa, kisha `>/dev/null` huitekeleza kama mstari unaojitegemea, usio na amri yoyote, ambao hufanikiwa daima. Matokeo yake ukaguzi unasema ndiyo kwa kila amri duniani, hata kwa jina ulilolitunga sasa hivi. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Skripti imekaguliwa na mwandishi wake kwenye bash, ikapita, ikapelekwa kwenye seva ya Debian, na pale juu ina mstari wa ulinzi usiolinda kitu.

Amri ya `type` inakaribia kufaa, kwa kuwa nayo ni ya ndani ya sheli, ila maneno yake hayakuwekewa umbo maalumu: amri ikikosekana, bash hulalamika kwenye mkondo wa makosa ilhali dash huandika lalamiko hilo kwenye mkondo wa kawaida. Ukiitumia kwa namba tu, utafika salama. Vivyo hivyo `hash`, amri nyingine ya ndani ya sheli. Sioni sababu ya kuzichagua wakati ipo iliyoandikiwa kazi hiyo, ingawa kwa mtu aliyekaa mbele ya kibodi akitaka kujua jina fulani ni kitu gani, `type` humweleza vizuri kuliko zote.

Pingamizi la kwanza lenye uzito dhidi ya `command -v` ni kwamba inasema ndiyo kwa vitu vingi mno. Iulize kuhusu `if`, itakujibu `if`. Iulize kuhusu fanksheni uliyoiita `git`, itakujibu `git`, hata kama programu ya Git haijawahi kuwekwa. Mpingaji anaona hapo kasoro. Kwangu ndilo jibu sahihi la swali lililoulizwa, maana swali lilikuwa kama sheli italitambua neno hilo likiandikwa, na italitambua. Kasoro huja pale unapokusudia kumkabidhi jina hilo mtekelezaji mwingine. `xargs` na `find -exec` hazijui fanksheni zako wala lakabu zako. Zinajua PATH tu. Katika hali hiyo haitoshi kupima namba, lisomwe jibu lenyewe: likianza kwa mkwaju, kama `/usr/bin/git`, umepata faili la kweli. Nalo lina mpaka wake, kwa sababu `printf` na `test` zimejengwa ndani ya sheli nyingi na hujibiwa kwa jina tupu ingawa faili lake lipo kwenye diski. Ni mpaka unaovumilika, kwa kuwa majina hayo ni machache na yanajulikana.

Wengine watasema kiwango ni karatasi na sheli zina hitilafu zake. Ni kweli. Kwenye BusyBox, inayotumika katika ruta nyingi na mifumo midogo, amri ya `command` ni sehemu ambayo mjenzi wa mfumo anaweza kuizima. Matoleo kadhaa ya zamani ya dash yaliwahi kusema amri ipo ilhali faili halikuwa na ruhusa ya kutekelezwa. Na Solaris 10 ilikuwa bado inatumia sheli ya Bourne ya zamani kama `/bin/sh`, hadi Solaris 11 ya mwaka 2011 ilipoweka ksh93, toleo la sheli ya Korn. Ndiyo maana Autoconf, zana ya kutengeneza skripti za usanidi wa programu, iliyokusudiwa kufanya kazi hata kwenye sheli zilizotangulia POSIX, haiamini amri yoyote kati ya hizi. Huigawanya PATH yenyewe na kuangalia folda moja baada ya nyingine. Mwenye wajibu wa mashine za umri huo aige Autoconf. Lakini tofauti ya uzito ibaki wazi: sheli ikikosea kwenye `command -v`, kosa lina jina, hupokelewa kama hitilafu na husahihishwa, kwa kuwa lipo andiko la kulipimia.

Kuna pia wanaouliza kwa nini kukagua, si uiendeshe tu amri na kuangalia kama inaacha 127? Kwa skripti ya hatua moja, hoja yao inatosha. Kwa skripti ya hatua kumi, kugundua kwenye hatua ya saba kwamba kifaa hakipo ni kuchelewa, kwa sababu hatua sita zimeshabadilisha mambo, kama nakala za chama chetu cha akiba zilivyoonyesha. Na kuiendesha amri kwa majaribio, kwa mfano kwa `--version`, si salama kama inavyodhaniwa. Zana nyingi za BSD hazina chaguo hilo, na nyingine zinaweza kukaa zikisubiri maandishi kutoka kwenye kibodi ambayo hayatakuja.

Sharti la mazingira nililolitaja mwanzoni ndilo linalosahaulika zaidi. Mtu anakagua kwenye terminali yake, anapata ndiyo, kisha anaikabidhi skripti kwa cron iiendeshe usiku. Kwenye Debian, cron kwa kawaida huanza na PATH fupi ya `/usr/bin` na `/bin` tu. Programu iliyowekwa `/usr/local/bin` inaonekana mchana na haionekani usiku. Upande wa pili, mtumiaji wa kawaida wa Debian hana `/usr/sbin` kwenye PATH yake, kwa hiyo ataambiwa `fdisk` haipo, ingawa chini ya sudo, yenye orodha yake ya folda, ingepatikana bila shida. Dawa ni kuweka ukaguzi ndani ya skripti yenyewe, si kwenye maelekezo ya ufungaji, na kwa kile kitakachoendeshwa na sudo kuuliza kupitia hiyo hiyo: `sudo sh -c 'command -v fdisk'`.

Hata jibu la kweli la ndiyo halimalizi kazi, kwa sababu jina si programu. Kwenye Linux, `killall` huua michakato yenye jina ulilolitaja. Kwenye Solaris huua michakato yote inayoendelea. Kwenye Windows kuna `convert` inayobadilisha mfumo wa mafaili wa diski kuwa NTFS, na ipo `convert` nyingine, ya ImageMagick, inayobadilisha picha. Kwenye Mac mpya `command -v git` hujibu `/usr/bin/git` hata kabla zana za wanaprogramu hazijawekwa, kwa sababu faili lililopo hapo ni kishikilia nafasi, na ukiliendesha hufungua dirisha la kukuomba uziweke. Kwa hiyo pale ambapo skripti inategemea tabia fulani, ipimwe tabia yenyewe kwa jaribio lisilodhuru. Anayehitaji `grep` inayoelewa `-P` aandike `echo a | grep -P a >/dev/null 2>&1`; `grep` ya GNU kwa kawaida itapita, ya Mac na ya BusyBox zitakataa. Jaribio hilo lije baada ya `command -v`, si badala yake, ili aliyekosa programu na aliye na programu isiyofaa wapate maelezo tofauti.

Na maelezo yenyewe yanastahili uangalifu. Ikiwa skripti inahitaji zana tano, izikague zote tano kabla ya kugusa chochote, na itaje zote zinazokosekana kwa pamoja, badala ya kumrudisha mtu mara tano kwa jina moja moja. Itaje jina la amri, na isijifanye inajua jina la kifurushi: `dig` hupatikana ndani ya bind9-dnsutils kwenye Debian, bind-utils kwenye Fedora, na bind-tools kwenye Alpine. Anayeambiwa kwamba `dig` haipo atajua cha kutafuta kwenye mfumo wake. Anayeagizwa aweke kifurushi ambacho mfumo wake haukijui anaweza kupoteza jioni nzima.